Mwanzi Uliokuwa na Mdudu

Juzi jirani yangu hapa Levolosi alikuwa akipasha mwanzi moto apate kuukunja, maana alikuwa anasuka tenga la kuku. Upepo ukaileta harufu yake mpaka barazani kwangu. Wengi wenu mnaijua. Si moshi wa kuni wala wa nyasi. Ni kama muwa uliosahaulika kando ya meko, utamu kidogo mbele, na nyuma yake ukali wa kitu kinachogoma kuungua. Chai ikanipoa mkononi. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba siumwi, nimekumbuka upinde. Akanitazama tangu kichwani hadi kwenye ndara, kisha akaendelea kuchambua mchele wake, kwa kuwa katika miaka yote tuliyoishi pamoja hajawahi kuniona nimeshika hata manati.

Ana haki. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wako wenzangu waliotembea mpaka pwani wakaona meli. Mimi nimetembea mpaka sokoni, na nikirudi naomba maji na mahali pa kuegemea. Hata shule nilikwenda kwa sababu ilikuwa na paa, na nikaendelea kusoma mpaka sekondari kwa sababu hakuna aliyekuja kunitoa.

Upinde niliokumbuka ulitengenezwa na Lobulu, mtoto wa shangazi yangu. Yu hai, ni mzee kuliko mimi kidogo, na hajui kusoma. Hiyo ndiyo sababu nimepata ujasiri wa kuandika. Ila ana wajukuu wanaosoma vizuri sana, kwa hiyo nawaomba haya yabaki kati yangu na ninyi.

Enzi zile zilikuwa za Mdachi. Tuliishi juu kwenye mteremko wa Meru, katikati ya migomba, katika nyumba ya nyasi ya mviringo ambayo nusu yake ilikuwa yetu na nusu ya ng'ombe. Ukilala unawasikia wakicheua upande wa pili wa fito, na asubuhi ya ukungu wao ndio waliotutia joto. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, hakuna aliyehesabu. Bibi, mama yake Baba, aliniita Figa la Nne. Alisema meko yana mafiga matatu yanayobeba chungu, na la nne ni hili linalokula kilichomo. Sikukasirika. Nilishinda pale motoni nikichoma ndizi na kumsikiliza Mama akiimba kwa sauti ya puani, na nilijiona mtoto mwenye bahati kuliko wote mlimani, maana nilikuwa peke yangu tumboni mwake na peke yangu machoni pake.

Halafu akaja Lobulu.

Mwaka ule askari walipita wakamchukua Baba pamoja na karibu wanaume wote wa upande wetu, wakavunje mawe ya barabara iendayo bomani. Mama alikuwa mjamzito, anapumua kwa kupanda na kushuka. Shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa na Mwarusha kule chini, upande wa Kimandolu, aliposikia hivyo akamtuma mwanawe aje kutusaidia. Alikuwa na miaka kumi na miwili labda. Alifika na ngozi moja ya mbuzi begani na kisu chake mwenyewe kiunoni. Kisu chake mwenyewe. Mimi wakati ule nilikuwa bado namenyewa ndizi.

Siku ya kwanza alikata majani ya ng'ombe mzigo mzima. Siku ya pili alishuka mtoni Nduruma akarudi na kibuyu cha maji bila kumwaga. Siku ya tatu alikamua ng'ombe mwekundu mkorofi, yule aliyewahi kumpiga Baba teke la goti. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililonichoma ni kwamba alimwita mama yangu "Mama". Nilijua ndiyo adabu; mke wa mjomba utamwitaje? Hata hivyo kila alipolitamka neno hilo niliona kama mtu ameingia kitandani mwangu na miguu yenye tope.

Nikamwuliza Bibi kama Lobulu hana mama wa kwake. Akasema anaye, tena mkali. Nikasema basi si amrudie. Bibi alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani, na jioni akawasimulia wote, Lobulu mwenyewe akiwepo. Lobulu hakucheka. Alinisogezea kiazi chake. Nikakila, na chuki yangu ikaongezeka, kwa sababu kilikuwa kiazi kizuri.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia Mama akajifungua mtoto wa kike. Uchungu ulichukua siku mbili, na damu iliyomtoka baadaye Bibi aliizungumza kwa kunong'ona na jirani yetu, Mama Ndekirwa, wakidhani sisikii. Mtoto wa jikoni husikia kila kitu. Mama alilala nyuma ya kizuizi cha fito, uso umekuwa na rangi ya jivu la jana, midomo imepauka. Maziwa hayakuja. Yule mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena, akaacha. Bibi alimpikia Mama mtori mwepesi, akanywa vijiko viwili na kugeuza uso.

Lazima niwaeleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wakisikia jambo hili wanakunja pua. Kwetu mwanamke aliyejifungua alipewa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, ili kilichomtoka kirudi. Ng'ombe hachinjwi. Anafungwa ukanda shingoni mpaka mshipa unavimba, kisha anapigwa mshale mfupi kutoka hatua mbili, mshale uliozungushiwa ngozi karibu na ncha ili usizame. Damu inaruka ndani ya kibuyu, ukanda unalegezwa, kidonda kinapakwa samadi, na ng'ombe anarudi kwenye majani yake kama mtu aliyeumwa na mbu. Kisu hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu kisu hakijui pa kukoma. Unahitajika upinde, tena mdogo na mpole. Kwa hiyo kwetu sisi upinde ule haukuwa silaha. Ulikuwa chombo cha jikoni, ndugu yake mwiko.

Askari hawakulijua hilo. Walipopita siku za nyuma kukusanya mikuki walibeba na upinde wa ukoo wetu, na wa jirani, na wa jirani wa jirani, wakaenda navyo bomani, na nadhani mpaka leo iko karatasi mahali fulani inayosema kwamba tulikuwa watu wa kuogopwa. Mshale hawakuupata. Bibi alikuwa ameuchomeka kwenye nyasi za paa.

Basi tulikuwa na mshale, tulikuwa na dume jekundu lenye afya, na tulikuwa na mgonjwa. Hatukuwa na upinde wala mwanaume. Bibi alikaa mlangoni akasema waziwazi, bila kunong'ona safari hii, kwamba Mama asipopata damu ndani ya siku chache hatainuka, na asipoinuka yeye mtoto naye hana pa kushika.

Lobulu akasema atatengeneza upinde.

"Wewe ni mtu wa tambarare," Bibi alimwambia. "Mianzi umeiona wapi?"

"Naiona inaegemeza migomba yenu, Bibi."

Na kweli. Mianzi ilikuwa inateremshwa kutoka msituni juu, ikawekwa chini ya migomba yenye mikungu mizito isianguke, ikakaa hapo misimu miwili mitatu ikikaushwa na jua na upepo. Mimi nilipita chini ya mianzi ile kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuona humo kitu zaidi ya ndizi. Lobulu alizunguka shambani akiigonga mmoja mmoja kwa kidole na kuisikiliza, kama mganga anayegonga kifua. Akaukataa huu, umelegea. Akaukataa ule, una vitundu vya mdudu. Akauchagua mmoja wa rangi ya asali, akaweka nguzo nyingine chini ya mgomba kwanza, ndipo akautoa.

Nilimfuata kila hatua. Nilijiambia ninamfuata ili nimwone akikosea.

Aliupima mwanzi tangu chini hadi kifuani kwake, akaukata, akaupasua kwa panga huku akiligonga panga kwa jiwe taratibu, ukafunguka wenyewe kwa mlio mtamu. Akachukua nusu iliyonyooka. Katikati, penye pingili, akapaacha papana pa kushikia. Kutoka hapo akaanza kuchonga kuelekea ncha zote mbili, akipunguza, akipunguza. Lakini alichonga upande wa ndani tu, ule mweupe wenye nyama. Upande wa nje, wenye ganda linalong'aa, hakuugusa hata mara moja. Akaupasha motoni, akaukunja juu ya goti kidogo, akauacha, akaukunja tena zaidi kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto akae. Uzi aliupata kwenye katani mwitu: aliiponda, akaiosha, akaisokota pajani mpaka paja likawa jekundu.

Nikamwuliza kwa nini asilichonge na lile ganda, upinde upendeze. Lilikuwa na madoa meusi ya mvua na alama za kamba.

"Hiyo ndiyo mishipa yake," alisema. "Nyama unaweza kupunguza. Mishipa ukiikata, umeuua. Ganda usiliguse."

Kumbukeni maneno hayo, maana mimi niliyasikia vizuri. Kwa miaka mingi nimejaribu kujishawishi kwamba sikuyasikia, au kwamba lugha yake ya Kiarusha ilinichanganya. Alisema kwa Kimeru, Kimeru cha mama yake, safi kama changu.

Jioni ile Mama, ambaye kwa siku mbili hakuwa amesema neno, aliomba aone upinde. Lobulu akampelekea nyuma ya kizuizi. Nami nikaingia. Mama aliupitisha vidole vyake vyembamba kutoka ncha hadi ncha, polepole, kama anavyopapasa kitambaa sokoni mtu asiye na nia ya kurudi mikono mitupu. Kisha akasema, "Lobulu, una mikono."

Hakunitazama. Nilibaki nimesimama pale na mikono yangu. Nilikuwa nayo pia, miwili, naikumbuka. Usiku nililala nikiwa nimeibana katikati ya magoti.

Asubuhi Lobulu alitumwa kupeleka chakula kwa Baba barabarani, kwenda na kurudi siku nzima. Kabla ya kuondoka alinikabidhi upinde. Kazi yangu ilikuwa kuupaka mafuta ya kondoo na kuuning'iniza juu ya meko ukauke, asiusogelee mbuzi. Kesho yake asubuhi ndipo dume lingetolewa damu. Bibi akaenda kuchimba viazi. Mvua nyembamba ikaanza, ile isiyonyesha wala kuacha. Mtoto alikuwa amechoka kulia, akanyamaza. Mama alilala kimya nyuma ya fito.

Nikaupaka mafuta. Nikautazama. Ulikuwa wa Lobulu kila mahali. Hata harufu ilikuwa yake, ya jasho na ngozi ya mbuzi. Nikafikiri: kama ungekuwa laini, bila haya madoa, Mama angesema nani ana mikono? Nikachukua kisu cha Bibi cha kumenyea ndizi. Nikaanza na doa moja, doa dogo tu. Ganda lilitoka kama utepe, jembamba, la manjano, na chini yake palikuwa peupe pazuri. Basi nikaondoa na la pembeni yake, ili palingane. Halafu ikabidi upande wa pili ulingane na huu. Niliukwaruza mgongo wote tangu ncha hadi ncha, pingili zote nikazisawazisha, mchana kutwa, na nawaambia kweli, sikuwahi kufanya kazi kwa bidii kama ile tena maishani, hata shule. Nilijua. Kila utepe ulipoanguka nilijua. Nilikuwa nikijiambia naupendezesha, na nyuma ya neno hilo palikuwa na lingine, dogo, limechuchumaa: na ukivunjika, utavunjika mikononi mwake.

Nilipomaliza niliupaka masizi na mafuta ili urudie rangi yake. Tepe nikazitupa motoni. Lobulu alirudi gizani, miguu imevimba, akala, akalala papo hapo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Mama Ndekirwa, mwanamke mwenye mabega ya kubeba mlango, alilishika dume pembe. Bibi akakaza ukanda shingoni mpaka mshipa ukatokeza, mnene kama kidole gumba. Mimi nilipewa kibuyu. Lobulu akasimama hatua mbili, akaweka mshale, akavuta.

Upinde ulilia kama mfupa wa kuku unaovunjwa. Kipande cha juu kiliruka juu ya nyumba, na kibanzi kirefu kama sindano ya kushonea makuti kikaingia katika kiganja chake cha kushoto, kati ya kidole gumba na cha pili, kikatokeza upande wa pili. Dume likashtuka, likamburuta Mama Ndekirwa katikati ya maharage yetu, likamwacha humo amekaa, likatoweka migombani na ukanda wa Bibi shingoni.

Ndani mtoto akaanza kulia.

Lobulu hakulia. Alikaa chini, akakichomoa kile kibanzi kwa meno, akaokota kipande cha upinde kilichobaki. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba cha mkono mzima kwenye mgongo wake, mara moja. Masizi yakatoka kidoleni, na chini yake pakaonekana peupe. Akaniangalia. Nilikuwa bado nimekumbatia kibuyu kama mjinga kwenye harusi.

Bibi alikuwa anakuja, anahema, anauliza nini kimetokea. Lobulu akakirusha kile kipande mlangoni, kikaangukia motoni.

"Mwanzi ulikuwa na mdudu, Bibi," alisema. "Sikumwona."

Bibi alimsema mpaka adhuhuri. Alisema ndiyo matokeo ya kumwachia mtu wa tambarare kazi ya watu wa mlimani, kwamba hata Figa la Nne angechagua mwanzi mzima. Lobulu alisikiliza huku ameinamisha kichwa, mkono wake umefungwa majani yaliyotafunwa. Na mimi je? Mtadhani nilijuta. Nilianza kujuta baadaye kidogo. Kwanza niliona wivu juu ya yale majani. Bibi aliyatafuna mwenyewe, kwa meno yake manne, akayafunga taratibu kabisa huku akitukana. Mimi hakuwahi kunitafunia kitu.

Mkono wa Lobulu ulivimba. Hakuweza kushikilia mwanzi wala kusokota uzi. Akaniita shambani, akanionyesha kwa kidevu mwanzi mwingine.

"Ugonge," alisema. "Unasikia nini?"

Sikusikia kitu. Akaniambia nigonge mwingine, na mwingine, mpaka nikasikia. Siku mbili zilipita hivyo: mimi napasua, mimi nachonga, mimi nasokota katani mpaka paja linatoka damu, naye amekaa kando ananiambia hapo acha, hapo punguza, huko usiende. Nilipasua vibaya mwanzi mmoja tukaanza upya. Kuhusu ganda hakusema lolote. Kila nilipougeuza upinde kwa bahati mbaya, mgongo ukawa juu, mkono wangu wenyewe uliruka kama umegusa chungu cha moto.

Siku hizo mbili mtoto alikuwa amepunguza kulia. Niliona ni tabia njema, nikamwambia Bibi kwamba sasa ametulia. Bibi alikwenda akasimama nje kwenye mvua. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo nililokuwa nalikataa: mtoto hakuwa ametulia, alikuwa anaishiwa nguvu.

Upinde ulipokwisha Lobulu alinipa mafuta ya kondoo, akaniambia niupake na kuuning'iniza juu ya meko. Maneno yaleyale. Kisha akaenda kukata majani kwa mkono mmoja, akaniacha nao peke yangu, mimi na kisu cha Bibi cha kumenyea ndizi. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa upinde ule. Nilikaa chini yake nimekalia mikono yangu mpaka aliporudi.

Kwa kuwa yeye hakuweza kushika upinde, ikabidi mimi ndiye nipige. Dume lilikuwa limerudishwa, limefungwa kwa kamba tatu, na Mama Ndekirwa alikuwa amejifunga kibwebwe kama anayekwenda vitani. Niliuvuta upinde. Ukalalamika kidogo, ukakunjika, ukakubali. Lobulu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake sikioni ikisema "sasa". Nikaachia. Mshale ukagonga, ukadondoka, na damu ikafuata katika upinde wake mwekundu mzuri, ikiingia kibuyuni kwa mlio kama wa maziwa.

Bibi aliikoroga kwa kijiti, akatia maziwa ya moto, akampelekea Mama. Tukaingia sote. Mama Ndekirwa akatangaza kwamba mpigaji ni mimi, na Bibi akasema kumbe figa linaweza kutembea. Nilijaza kifua. Mama aliinuliwa, akaegemezwa, akakishika kibuyu kwa mikono miwili. Nikangoja aseme. Nilikuwa nimengoja siku zote hizo.

Akasema, "Kwanza Lobulu."

Bibi alishangaa. Damu ya mzazi haiguswi na mtu kabla ya mzazi mwenyewe, achilia mbali mtoto wa kiume. Mama alishikilia kibuyu hewani mpaka Lobulu akasogea akapiga funda moja. Ndipo naye akanywa, taratibu, mpaka mwisho. Mimi sikupewa. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikanung'unika hadi kiza. Nilikuwa nimechonga mimi, nimepiga mimi, na funda la kwanza amepewa yeye.

Tulilipiga dume mshale mara tatu kabla Baba hajarudi. Mara ya pili maziwa yakaanza kuja. Dada yangu alirudia kulia kwa nguvu, na hajaacha. Siku hizi analilia watoto wake wasiomtembelea. Lobulu alirudi kwao na ngozi yake ya mbuzi, na kidole gumba ambacho hakikukunjika sawasawa tena. Nimekunywa naye pombe miaka hamsini. Hajawahi kulitaja, nami sijawahi kumwuliza kwa nini alisema vile. Zamani nilidhani alinionea huruma. Baadaye nikafikiri kwamba hakuniwazia kabisa. Palikuwa na mwanamke anayekufa na mtoto asiye na maziwa, na ugomvi wetu ungechukua siku nzima ambayo yeye aliihitaji kwa mwanzi mwingine.

Mama nilimwambia. Nilikuwa mtu mzima tayari, navaa viatu, naandika barua za watu. Tulikuwa tumekaa tunamenya ndizi, yeye ana mvi, na ghafla nikamweleza yote: doa la kwanza, tepe, masizi. Hakuacha kumenya.

"Nilisikia kisu," alisema.

Nikamwuliza kisu gani.

"Siku ile ya mvua. Nililala pale sina nguvu hata ya kugeuka. Nikasikia kisu kinakwaruza. Nikajua ni wewe, maana Lobulu alikuwa barabarani. Kikawa kinakwaruza mchana wote, hakichoki. Nikajisemea, mwanangu naye ananitengenezea kitu." Akaitupa ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. "Nililala vizuri siku ile. Tangu nijifungue sikuwa nimelala hivyo."

Alimenya ndizi mbili zaidi, kisha akasema kwamba upinde ulipolia nje alijua papo hapo kisu kile kilikuwa kinafanya nini.

Nimelifikiria jambo hilo kuliko nilivyowahi kufikiria lolote nililofundishwa shuleni. Kumbe kile nilichokitamani nilikuwa nacho. Mchana mzima, wakati nilipokuwa nikimwonea Lobulu wivu kwa neno moja alilopewa jioni iliyotangulia, Mama alikuwa amelala hatua nne kutoka kwangu, anasikiliza mikono yangu, na furaha yake ilikuwa juu yangu mimi peke yangu, hakuna mwingine ndani yake. Laiti ningenyamaza na kusikiliza, ningemsikia anavyopumua. Lakini nilikuwa na kazi.